Kwa nini kitambaa changu cha kroshia kinazidi kuwa chembamba?

"Shikamoo mwalimu. Nina wiki tatu tangu nianze kujifunza kroshia kwa kutazama video, na bado nimekwama kwenye ule mshono wa kwanza kabisa, mfupi. Nilifuma mnyororo wa pete 20 nikaanza. Kufika mstari wa saba nimehesabu mishono 13, na kitambaa kimekuwa kama paa la nyumba, pande zote mbili zinaingia ndani. Sindano inagoma kuingia kwenye matundu, nalazimisha hadi kidole gumba kinauma. Natumia uzi mweusi wa manyoya na sindano ya milimita 4. Mimi ni mashoto, na aliyeniona nikifuma alisema kroshia si kazi ya mashoto. Mwingine akasema tatizo ni sindano, ninunue nzuri. Video moja inasema ruka mshono wa kwanza wa kila mstari, nyingine inasema usiruke kamwe. Nimsikilize nani? Au mkono wangu tu hauna kipaji?"

Marahaba. Kwanza nakushukuru kwa kuhesabu. Wengi huniandikia "kinapungua" wakaishia hapo. Wewe umenipa namba tatu, na kwa hizo tatu naweza kukisia kosa lilipo hata bila kukiona kitambaa.

Twende nazo. Mnyororo wa pete 20 hautoi mishono 20. Unapoanza mstari wa kwanza unaiacha pete iliyo jirani na sindano, unaingia kwenye ya pili, kwa hiyo unapata mishono 19. Ukitaka 20, fuma pete 21. Hilo si kosa lako, ni jambo ambalo hukuambiwa. Sasa shuka: mstari wa kwanza 19, wa pili 18, wa tatu 17, wa nne 16, wa tano 15, wa sita 14, wa saba 13. Umepoteza mshono mmoja kila mstari, hujakosea hesabu hiyo hata mara moja! Mkono usio na kipaji, kama upo, ungepoteza ovyo: mstari huu miwili, unaofuata hakuna, halafu unazidisha mitatu. Wako unafanya jambo lilelile, mahali palepale, kila mara. Huo ni mkono mtiifu ulioelekezwa vibaya.

Na umbo la paa nalo linasema kitu. Kazi ya kroshia ya kwenda na kurudi hugeuzwa kila mwisho wa mstari, kwa hiyo anayekosea mwanzoni mwa mstari hukosea upande huu, kisha upande ule, kwa zamu. Pande zote mbili zinakula ndani sawasawa. Ingekuwa upande mmoja tu unapungua na mwingine umenyooka, ungekuwa na tanga la jahazi, na ningetafuta kosa jingine.

Ili nikuonyeshe mahali penyewe, lazima tuutazame mshono kwa karibu. Nitasema "mkono wa sindano" na "mkono wa uzi", sitasema kulia wala kushoto, ili usihangaike kupindua maneno yangu kichwani.

Mshono mfupi una hatua mbili. Unaingiza sindano chini ya kichwa cha mshono wa mstari uliopita, unazungusha uzi juu ya sindano, unauvuta utokee upande wako. Sasa una vitanzi viwili kwenye sindano. Unazungusha uzi tena na kuuvuta upite katika vyote viwili kwa mpigo. Kimebaki kitanzi kimoja, mshono umekwisha.

Ulichokiacha nyuma kina mwili na kichwa. Mwili ni kama nguzo fupi. Kichwa ni nyuzi mbili zilizolala juu ya nguzo hiyo na kukutana upande mmoja, mfano wa herufi V iliyolazwa ubavu. Kiinamie kitambaa ukitazame kutoka juu, si kutoka mbele kama wanavyokishika kwenye video, na utaona V zimefuatana kama msuko wa nywele. Kila V ni mshono mmoja. Kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi, maana hicho bado ni malighafi ya mshono ujao. Fundo la mtego la mwanzo kabisa nalo halihesabiwi. Ukijua kuhesabu V huna haja ya kukumbuka umefuma mingapi. Hata ukiitwa katikati ya mstari, ukirudi unasoma kitambaa chenyewe.

Kuna ujanja mmoja wa maumbile hapo ambao video nyingi haziusemi. Kichwa cha mshono hakikai wima juu ya nguzo yake, kimesogea kidogo pembeni. Katikati ya mstari hilo halina madhara, kwani kila kichwa kimesogea vilevile. Kwenye kingo ndiko mambo yanakoharibika. Huku kichwa kinaonekana kama kimeshatumika, kule kinaning'inia ukingoni na kujificha.

Sasa fika nami mwisho wa mstari. Unafuma pete moja ya kupandia, unageuza kazi. Jiulize pete hiyo imechomoza wapi. Imechomoza juu ya mshono wako wa mwisho kabisa, ambao baada ya kugeuza ndio wa kwanza. Jicho likiona uzi umesimama pale linasema "hapa pana mwenyewe", na sindano inahamia V ya pili. Pale ndipo mshono wako wa kila mstari unapopotelea, nina hakika karibu yote. Katika mshono mfupi, pete ile ya kupandia ni ngazi tu, haishiki nafasi ya mtu. V iliyo kwenye shina la ngazi ni yako, ingia humo humo. Itakubana, itakuwa kama imelala, lakini ni halali.

Ndiyo maana walimu wako wawili wa video wanaonekana kugombana, na wote wawili wako sahihi. Anayesema "ruka" huenda anafuma mshono mrefu, ule unaozungushia uzi kabla ya kuingia. Mshono huo una kimo, kwa hiyo unapandiwa kwa pete tatu, na kwa desturi pete hizo tatu zinahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Zimeshika nafasi, basi V ya shinani inarukwa. Lakini deni hulipwa mwishoni mwa mstari unaofuata: lazima ufume mshono juu ya zile pete tatu. Anayeruka mwanzoni bila kulipa mwishoni hupata paa kama lako. Wewe umechukua sheria ya mshono mrefu ukaitumia kwenye mfupi. Msikilize anayesema usiruke, mpaka utakapohamia mshono mrefu.

Na hapa nichomeke jambo litakalokuokoa siku ukianza kusoma vielelezo vya kufuma vilivyoandikwa. Marekani na Uingereza hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Mshono wako mfupi Wamarekani huufupisha sc (single crochet), Waingereza huuita dc (double crochet). Na dc ya Mmarekani ni ule mrefu! Ukiona sc mahali popote kwenye kielelezo, jua ni cha Kimarekani, kwa sababu mfumo wa Uingereza hauna kifupisho hicho. Kama hakuna sc, tafuta mwanzoni mwa kielelezo palipoandikwa mfumo uliotumika kabla hujagusa uzi. Nimewaona watu wakifumua blanketi zima kwa ajili ya herufi mbili.

Jinsi ya kuthibitisha ninachosema. Tafuta pini mbili za usalama, au vipande viwili vya uzi wa rangi nyingine. Ukimaliza mshono wa kwanza wa mstari, hapohapo, kabla ya wa pili, tia pini kwenye kichwa chake. Ukimaliza wa mwisho, tia ya pili. Fuma pete moja, geuza, na mshono wako wa kwanza uingie pale penye pini. Endelea hadi pini ya upande wa pili, nayo uiingie. Huruhusiwi kugeuza kabla ya kuigusa, wala kufuma kitu baada yake. Hamisha pini kila mstari. Kama namba imeacha kushuka, kosa lilikuwa pale mwanzoni. Kama pini ya mwisho ndiyo inayokushangaza kila mara, ikikuta umeshataka kugeuza, basi ulikuwa unaacha mshono wa mwisho, ule unaoning'inia ukingoni. Dawa ni ileile kwa yote mawili, ila ni vizuri ujue ugonjwa wako ni upi, kwa sababu pini utaziacha siku moja. Na usishangae ukivuka upande wa pili ukaanza kupata 21, 22. Hiyo ni kawaida ya mtu anayejihami, anafuma hadi kwenye pete ya kupandia. Ikitokea, cheka, fumua, rudi kwenye pini.

Hesabu kila mstari kwa mistari kumi ya kwanza. Inachosha. Fanya tu.

Nije kwenye sindano inayogoma. Hapa una imani moja niliyokuwa nayo mimi pia, kwamba mshono uliokazwa ndio msafi. Skafu yangu ya kwanza ilikuwa ngumu kiasi cha kusimama yenyewe mezani. Nikaisifu kwa uimara wake, sijui nilikuwa namdanganya nani.

Itazame sindano yako. Ina ndoano mbele, chini yake shingo nyembamba, kisha shina la mviringo lenye unene ulio sawa, halafu bapa pa kuwekea kidole gumba, mwisho mpini. Ile milimita 4 ni unene wa shina. Kitanzi kinatakiwa kipimwe na shina. Wewe, kama wanaoanza karibu wote, unafuma kila kitu shingoni, karibu na ncha, kwa sababu unaogopa uzi utachopoka. Kitanzi kilichofungwa shingoni ni chembamba kuliko ndoano inayotakiwa kukipita, na kikishakuwa hivyo hakuna sindano duniani itakayopita bila kulazimishwa. Mstari unaofuata unarithi ubanaji huo, nao unaongeza wa kwake.

Kwa hiyo, kila ukivuta uzi utokee, kitelezeshe kitanzi kirudi nyuma hadi kwenye shina kabla ya kuzungusha uzi tena. Kiinue kidogo, kiwe na kimo, usikivute kikabana. Na ukishamaliza mshono usiutandike kwa kuvuta uzi ukazike. Mkono wa uzi uachie uzi utembee. Kipimo changu ni kimoja: kitanzi kilicho kwenye shina kiteleze mbele na nyuma bila kukwama, lakini kisilegee kikaacha nafasi unayoweza kuiona. Unapopita kwenye vitanzi, zungusha kifundo cha mkono kidogo ili mdomo wa ndoano uangalie chini. Ukiangalia juu utakwaruza kila uzi unaoupita, na utadhani ni ubanaji kumbe ni pembe tu.

Mkono wa uzi ndio wenye breki. Pitisha uzi juu ya kidole cha shahada, kisha uzungushe mara moja kidole cha mwisho, na kidole gumba na cha kati vishike kitambaa karibu kabisa na mahali unapofuma, ukivisogeza kila mishono miwili au mitatu. Watu wanaoshika kitambaa mbali, chini kule, hulazimika kuvuta ili kupata ukinzani, na hapo ndipo kukaza kunapozaliwa. Ikiwa mzungusho wa kidole cha mwisho unakukera, uache, pitisha uzi katikati ya vidole tu. Hakuna polisi wa kushika uzi.

Hofu ya uzi kuchopoka nataka tuiondoe kwa makusudi. Kufuma kwa sindano mbili ndefu ndiko kunakotisha, maana mstari mzima wa vitanzi uko wazi kwa wakati mmoja, kimoja kikidondoka kinashuka na wenzake. Kroshia ina kitanzi kimoja tu kilicho hai. Vingine vyote vimeshafungwa. Kikichopoka, kitambaa kinakaa palepale kikikusubiri. Leo usiku fuma mishono kumi, chomoa sindano kabisa, weka kazi mezani. Vuta uzi pole pole, fumua mitano, uone jinsi kila mshono unavyofunguka kwa hatua zilezile ulizoufunga, kinyumenyume. Kisha rudisha sindano kwenye kitanzi kilichobaki uendelee. Rudia mara tatu nne. Wanafunzi wangu hujifunza zaidi katika kufumua huku kuliko kufuma, na baada ya hapo vidole vyao hulegea vyenyewe, bila mimi kuwaambia "legeza" mara mia.

Jambo dogo, ila linafaa lisemwe. Unapouchukua uzi, sindano ipite chini yake ili uzi ulale juu ya sindano. Ukiuvuta uzi kwa kuunasa kutoka juu, na uzi ukabaki chini ya sindano, mshono utafungwa lakini miguu yake itapishana kama herufi X badala ya V, na utabana zaidi. Kuna wanaofanya hivyo kwa kupenda, hasa wanaofuma vidoli, maana pamba ya ndani haitokezi. Wewe unayelia na ubanaji, hakikisha hufanyi bila kujua.

Sasa vifaa. Aliyekwambia ununue sindano nzuri hakukosea sana, alikosea mpangilio. Kitu cha kwanza kubadilisha ni uzi. Mweusi wa manyoya humtesa hata mfumaji wa miaka 20: V hazionekani, na ukifumua manyoya yanashikana. Nimekuambia kila kitu kinategemea kuona kichwa cha mshono, halafu umechagua uzi unaokificha! Tafuta uzi laini usio na manyoya, wa rangi ya kung'aa, krimu au njano au buluu ya mbingu, wa unene wa kati, uliosokotwa vizuri usiochanika nyuzinyuzi sindano ikiuchoma. Sufu au akriliki vina mnyumbuko kidogo, vinasamehe. Pamba ni nzuri, lakini hainyumbuki na huchosha vidole. Iache hadi mkono utulie.

Kwa uzi wa unene huo, sindano ya milimita 5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Plastiki, mbao, alumini, zote zinafuma. Alumini huteleza zaidi, na kwa mtu anayekaza hilo ni faida. Ukienda kuchagua soma milimita, usisome namba peke yake. Namba 8 ya Kimarekani ni milimita 5, na namba 8 ya mfumo wa zamani wa Uingereza ni milimita 4. Tena katika mfumo huo wa Uingereza namba ikipanda sindano inapungua unene. Huenda hata hiyo ya kwako ilinunuliwa kwa mkanganyiko huo.

Kuhusu umashoto nitakuwa mfupi. Aliyekuambia vile hajui kroshia. Mashoto hufuma kutoka kushoto kwenda kulia, mwenzake hufuma kutoka kulia kwenda kushoto, na mshono ni uleule kama unavyoonekana kwenye kioo. Usumbufu wako wa kweli ni kwamba video nyingi zimepigwa na watu wa mkono wa kulia. Zipindue kwa kioo kwenye simu kama programu yako inaruhusu, au tafuta za mashoto mwenzako. Ukimpata mwalimu wa mkono wa kulia, usikae ubavuni pake. Kaa mkabala, goti kwa goti, na mikono yake itakuwa kioo chako.

Limebaki swali ambalo hukuuliza, nami nina maoni yangu juu yake: je, uanze tena na mnyororo? Mstari wa kwanza juu ya mnyororo ndio mgumu kuliko yote utakayofuma katika kitambaa, na ni ajabu kwamba ndio tunaompa mtu siku yake ya kwanza. Mnyororo unajipindapinda, hauna mwili wa kushika, na V zake zina uzi wa tatu mgongoni unaomchanganya mtu. Kama kuna mtu karibu nawe anayejua, mwombe akufumie mistari minne ya mishono 20 kwa uzi wako mwenyewe, nawe uanzie wa tano. Baadhi ya walimu huona huko ni kubebwa mgongoni. Mimi naona ni kama kumfundisha mtu kuendesha baiskeli kwenye tambarare kabla ya mlima. Mnyororo utaujua wiki ijayo, mkono ukiwa umetulia.

Usipompata mtu, fuma mnyororo kwa sindano kubwa zaidi, milimita 6 kwa mfano, kisha hamia ya milimita 5 mstari wa kwanza. Mnyororo utalegea na matundu yataonekana. Kwenye mstari huo wa kwanza ingia kwenye uzi mmoja tu wa juu wa kila pete, inatosha. Wapo watakaokuambia uingie kwenye kile kinundu cha mgongoni ili ukingo uwe maridadi. Ni kweli unakuwa maridadi, lakini wewe bado unatafuta kuona.

Kuna njia ya kufuma mnyororo na mstari wa kwanza kwa pamoja, nayo ina kingo laini sana. Nakushauri uiache kwa sasa, kwani inadai ujue kusoma mshono ambao ndio kwanza unauzaa. Kuna pia wanaosema anza na duara ukwepe kingo kabisa. Wana hoja: hakuna kugeuza, hakuna mshono wa kwanza wa kupotea. Ila duara lina hesabu yake, mishono 6, kisha 12, kisha 18, kisha 24, unaongeza 6 kila mzunguko. Ukisahau kuongeza linakunjika kuwa bakuli. Ukizidisha linafanya mawimbi kama jani la kabichi. Kumbe hata mawimbi hayo yana kazi: mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliongeza mishono kwa uwiano uleule usiobadilika mstari baada ya mstari, akapata mfano unaoshikika wa uso wa haipaboli, yaani uso unaojikunja mawimbi kila mahali, umbo ambalo mifano yake ya karatasi ilikuwa dhaifu mno. Nakuambia hili ili ujue kwamba paa lako halikutokana na mkosi. Idadi ya mishono ndiyo inayochonga kitambaa. Ukipunguza kwa utaratibu kinachongoka, ukizidisha kwa utaratibu kinajikunja, ukiilinda kinanyooka. Siku utakapofuma kofia utapunguza kwa makusudi, kwa njia ileile uliyokuwa ukilalamikia.

Ni lini utafute mtu ana kwa ana? Ukitia pini mistari kumi na namba bado inakimbia, acha kusoma maelezo, yangu pamoja. Kakae na mfumaji yeyote dakika kumi, mwambie asikuonyeshe, atazame tu ukifuma mistari miwili. Kosa la mkono wako huwezi kuliona mwenyewe, kwa sababu macho yako yako bize na uzi. Mtu wa pembeni ataliona kabla hujamaliza mstari wa kwanza.

Kidole gumba nacho nisikipite. Maumivu yanayotokana na kulazimisha sindano hupungua ukilegeza vitanzi na kupumzisha mkono. Kwa sasa usifume zaidi ya dakika 20 bila kuweka kazi chini, kunyoosha vidole na kuzungusha viwiko. Usivae ushujaa ukafuma juu ya maumivu. Lakini kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, ganzi inakuamsha usiku, au vitu vinakudondoka mkononi, acha kroshia na umwone daktari. Hizo ni dalili za neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono, na huko hakuna ushauri wa mfumaji unaosaidia.

Kipande cheusi usikifumue. Uzi wa manyoya utakukasirisha, na mimi nakihitaji kibaki hivyo kilivyo. Chukua uzi mpya, pete 21, pini mbili, fuma hadi mstari wa saba, halafu viweke vyote viwili ubavu kwa ubavu uhesabu V za juu. Ukikuta 20, kata uzi ukiacha kama sentimita 15, uvute mwisho wake wote upite kwenye kile kitanzi kimoja kilichobaki, na kitambaa chako cha kwanza kimefungwa. Ukikuta namba nyingine niandikie namba za kila mstari, kuanzia wa kwanza, kama ulivyofanya safari hii.